Fuvu Bila Kaburi: Upimaji wa Mafuvu na Suala la Tofauti za Kimaeneo katika Pwani ya Tanga

Hifadhidata ya vipimo vya mafuvu ambayo watafiti wa dunia wameitumia kuliko nyingine yoyote ni ile iliyokusanywa na mwanaantropolojia wa Marekani, William Howells. Ndani yake mna mafuvu zaidi ya 2,500, na kila moja lilichukuliwa vipimo hadi 57. Visiwa vya Japani vinawakilishwa humo na makundi matatu: Waainu, Wajapani wa Hokkaido upande wa kaskazini, na Wajapani wa Kyushu upande wa kusini. Afrika Mashariki inawakilishwa na kundi moja tu, mafuvu 83 yaliyoandikwa kuwa ya Wataita wa Kenya. Milima ya Taita inatazamana na Upare na Usambara kuvuka nyika, na kwa hiyo mwanafunzi wa historia ya Tanga ana haki ya kusema kwamba majirani wa karibu wa wazee wake wamebebeshwa mzigo wa kuwakilisha nusu ya bara. Anayetaka kujua kama mafuvu ya wakazi wa kale wa pwani ya kaskazini ya Tanzania yalitofautiana na ya wakazi wa Kilwa, au ya watu wa milimani, hatapata jibu humo. Swali lenyewe halikuwekewa nafasi.

Makala haya yanachunguza sababu ya ukosefu huo. Hoja yake kuu ni kwamba tofauti za kimaeneo za umbo la fuvu huwa ushahidi wa kihistoria pale tu fuvu linapojulikana kaburi lake, tabaka lake la udongo na watu waliolizika. Katika pwani ya Tanga na bara yake, upimaji ulianza na mafuvu yaliyokwisha kung'olewa makaburini na kupachikwa jina la kabila na mkono wa mgeni. Kilichofuata kilikuwa historia ya majina hayo kuliko historia ya watu.

Mfano wa Japani unafaa kutangulia, kwa kuwa huko upimaji wa mafuvu ulizaa matunda ambayo hata wakosoaji wa taaluma hiyo hawayakatai. Katika miaka ya 1950 Kanaseki Takeo alichunguza mifupa ya makaburi ya enzi ya Yayoi yaliyofukuliwa Doigahama, katika mkoa wa Yamaguchi. Aliona kwamba watu wale walikuwa na nyuso ndefu na kimo kirefu kuliko wawindaji wa enzi ya Jomon waliowatangulia, akapendekeza kuwa walitokana na wahamiaji waliovuka bahari kutoka rasi ya Korea. Katika enzi hiyohiyo ya Yayoi, mifupa ya kaskazini-magharibi mwa Kyushu ilionesha nyuso fupi na pana zinazofanana na za Wajomon. Zama moja zilikuwa na sura mbili. Hanihara Kazuro aliijenga juu ya tofauti kama hizo nadharia yake ya mwaka 1991 ya asili mbili za Wajapani, na utafiti wa vinasaba vya kale uliochapishwa mwaka 2021 uliirekebisha kwa kuongeza chimbuko la tatu, la enzi ya Kofun. Yaani nadharia ilitokana na mafuvu, ikapimwa upya kwa ushahidi wa aina nyingine, ikasahihishwa bila kubomoka.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba nguvu ya hoja ya Kanaseki haikukaa katika vipimo peke yake. Mifupa ya Doigahama ilitoka katika mazishi yaliyofukuliwa kwa utaratibu, ikiwa na vyungu, mapambo na tarehe zake. Aliposema "watu wa hapa" alikuwa na hapa pa kuonesha.

Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mambo yalianza kwa namna nyingine. Felix von Luschan aliajiriwa na Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin mwaka 1885, mwaka uleule ambao himaya ya Wajerumani ilitangazwa rasmi katika sehemu za bara mkabala na Zanzibar. Mwaka 1899 alichapisha mwongozo wa kukusanya vitu na taarifa barani Afrika na Oseania, ili maofisa, madaktari na wasafiri wajue nini cha kupeleka Berlin na namna ya kukiandikia maelezo. Mtu huyu si rahisi kumhukumu kwa sentensi moja: katika Kongamano la Jamii za Watu lililofanyika London mwaka 1911 alitetea umoja wa asili ya binadamu wote. Imani hiyo haikuuzuia mkono wake kupokea mafuvu kwa maelfu.

Vita ndiyo iliyofungua njia ya ukusanyaji. Pwani ya kaskazini ilikuwa kitovu cha upinzani wa 1888 na 1889, uliomalizika kwa Abushiri bin Salim al-Harthi kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Huko Kilimanjaro, Mangi Meli na viongozi wengine walinyongwa Moshi mwezi Machi 1900. Katika mazingira ya namna hiyo maiti haikuwa na mtu wa kuitetea, na daktari wa kikosi hakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Upande wa Rwanda, Jan Czekanowski alirudi kutoka katika msafara wa 1907 na 1908 akiwa na mafuvu zaidi ya 900. Tangu mwaka 2017 hadi 2023 Stiftung Preussischer Kulturbesitz, taasisi iliyokabidhiwa makusanyo hayo mwaka 2011, ilifanya utafiti wa asili ya mafuvu 1,135 yaliyotoka katika koloni hilo. Watafiti waliyahusisha 904 na Rwanda, 202 na Tanzania na 22 na Kenya. Saba hayakupata nchi.

Hesabu hiyo ni ya mataifa yaliyopo sasa. Ukishuka ngazi moja, kwenye jina la kabila au la mji, ugumu unazidi, na pwani ya Tanga ndipo unapozidi kabisa. Na tuchukue mfano wa kudhania: fuvu lililochukuliwa Pangani mnamo 1890 na kuandikwa "Mswahili". Jonathon Glassman, katika uchunguzi wake wa jamii ya Pangani kabla ya vita ya Abushiri, ameonesha jinsi mashamba ya miwa yaliyokuwa kandokando ya mto Pangani yalivyoendeshwa kwa nguvu za watumwa, wengi wao wakiwa wameletwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Mtu wa namna hiyo angeweza kuzaliwa Myao, akasilimu, akajifunza desturi za mji, akadai kuitwa Mswahili, na hata akagombana na waungwana waliomnyima jina hilo. Kwa historia ya jamii, jina lake ni la kweli kabisa. Kwa mpimaji anayetaka kujua umbo la mafuvu ya pwani ya kaskazini, fuvu lake lingempeleka kilomita mamia kadhaa kusini-magharibi bila yeye kujua. Kinyume chake pia kipo. Njaa ya miaka ya 1830 iliwafanya Wazigua wengi wauzwe na kupelekwa Somalia, na wajukuu wao wa bonde la Juba wanazungumza Kizigua hadi leo. Mpimaji aliyekaa Berlin angeliandika fuvu la huko "Msomali" kwa sababu tu meli ilitoka bandari ya Somalia.

Wasegeju wanaongeza fundo jingine. Padri Mreno João dos Santos aliwataja kama wafugaji waliowasaidia watu wa Malindi kuwashinda Wazimba mwaka 1589. Leo wazao wao wanaishi kaskazini mwa Tanga na chini ya Usambara. Walioko pwani wameshika lugha iliyo karibu na Kidigo na Kiswahili, ilhali Wadaiso wa bara wamebaki na lugha ya ukoo mmoja na Kikamba na Kikikuyu. Milimani wapo Wambugu, ambao baadhi yao huzungumza Kima'a, lugha yenye msamiati mwingi wa Kikushi uliovikwa sarufi ya Kibantu inayofanana na ya Kipare. Kwa hiyo katika eneo ambalo mtu hulivuka kwa siku chache za mguu, jina, lugha na asili ya damu vimeshikana na kuachana mara nyingi, na hakuna sababu ya kutarajia kwamba umbo la fuvu lilifuata jina. Wazigua, Wabondei, Wasambaa na Wangulu wana lugha za kundi moja, ambalo wanaisimu wameliita Seuta. Lakini udugu huo wa lugha hauwezi kubadilishwa kuwa udugu wa mafuvu bila ushahidi wa pili.

Kisa kinachoonesha wazi hatari ya kuyategemea maumbo kimetokea nje ya Tanga, lakini kinahusu taifa zima. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyefariki Julai 1898. Miaka ikapita. Gavana Edward Twining alilitafuta katika makumbusho ya Bremen mapema katika miaka ya 1950, akakuta mkusanyiko wa mafuvu yapatayo 2,000, na 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Njia aliyotumia ilikuwa kuyatenga yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai. Katika hayo machache akachagua lililokuwa na tundu la risasi. Fuvu hilo likakabidhiwa Kalenga mwaka 1954, na bado lipo huko likiheshimiwa.

Heshima hiyo haitegemei hoja ya mpimaji, na makala haya hayana nia ya kuigusa. Lakini kama mbinu ya utambuzi, njia ya Twining ilikuwa dhaifu. John Relethford, alipozichambua data za Howells mwaka 2002, alipata kwamba takriban asilimia 81 ya tofauti zote za maumbo ya mafuvu hupatikana ndani ya jamii moja moja. Asilimia 13 hutenganisha kanda kubwa za dunia, na asilimia 6 tu hutenganisha jamii zilizomo katika kanda moja. Asilimia hizo sita ndizo ambazo mtafiti wa tofauti za kimaeneo hufanyia kazi yake. Kwa kundi kubwa la mafuvu yenye makaburi yanayojulikana, sita inaweza kutosha kuonesha wastani wa Kyushu ukitengana na wastani wa Hokkaido. Kwa fuvu moja lililotoka katika kabati, haitoshi kumtofautisha Mhehe na jirani yake Mbena, wala Msambaa na Mzigua.

Wakati wa utawala wa Waingereza swali lilibadilika sura bila kubadilika msingi. Mwaka 1931 vipimo vya mafuvu ya Taita vilichapishwa katika jarida la *Biometrika*, na huo ndio mwanzo wa safari iliyoyafikisha mafuvu ya Taita katika jedwali la Howells. Mwaka 1935 Louis Leakey alichapisha kitabu juu ya jamii za watu wa Zama za Mawe za Kenya, akayaona baadhi ya mafuvu ya Bonde la Ufa kuwa ya watu wasio wa Kiafrika kwa asili. Mtazamo huo ulilingana vizuri mno na nadharia ya Wahamiti iliyoenezwa na Charles Seligman mwaka 1930, iliyodai kwamba kila jambo la ustaarabu Afrika lililetwa na watu weupe wafugaji. Philip Rightmire aliyapima upya mafuvu ya Bonde la Ufa katika miaka ya 1970 kwa hesabu zinazochanganya vipimo vingi kwa pamoja, na hakuona sababu ya kuyatoa nje ya Afrika. Kwa pwani, wenzake Leakey hawakuhitaji hata mafuvu: dhana kwamba miji ya mawe ilijengwa na wageni ilitosha, na masimulizi ya Washirazi yakasomwa kama hati ya uzazi.

Hapa ni lazima kuwa mwangalifu, kwa sababu utafiti wa karibuni umewapa masimulizi hayo uzito ambao wanahistoria wengi wa baada ya uhuru hawakuutarajia. Mwaka 2023 vilichapishwa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya takriban 1250 na 1800 katika miji ya Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na Lindi, pamoja na Makwasinyi iliyo bara, katika nchi ya Taita. Kwa wengi wa watu wa pwani waliochunguzwa, nusu au zaidi ya urithi ilitoka kwa Waafrika, hasa upande wa wanawake. Sehemu kubwa ya urithi uliobaki ilitoka Asia, nayo ililetwa zaidi na wanaume wa Uajemi, na kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Kumbe wazee waliosimulia habari za Shirazi hawakuwa wakibuni tu. Wala hawakuwa wakieleza ujio wa watu waliokuta ufukwe mtupu: vyungu vya aina ya Kwale vinashuhudia kwamba wakulima walikuwapo Usambara, Upare na pwani tangu karne za mwanzo baada ya Kristo. Ikumbukwe pia kwamba wengi wa waliochunguzwa walizikwa karibu na misikiti, katika makaburi ya wenye hadhi. Mtumwa wa shambani hayumo.

Kwa mada ya makala haya, matokeo yenye uzito zaidi katika utafiti huo yamepewa nafasi ndogo katika taarifa za magazeti. Upande wa Kiafrika wa watu wa Mtwapa na Manda ulifanana na ule wa Makwasinyi: Kibantu kwa sehemu kubwa, pamoja na sehemu ya urithi wa wafugaji wa kale wa Afrika Mashariki. Upande wa Kiafrika wa watu wa Kilwa ulikuwa wa Kibantu karibu wote, bila sehemu ile ya wafugaji. Kumbe tofauti ya kimaeneo ipo. Inaitenga pwani ya kaskazini na ya kusini, na haina uhusiano na swali la Mwarabu au Mwajemi lililowashughulisha wageni kwa karne nzima. Inahusu ni majirani gani wa bara kila mji ulioana nao.

Mstari huo unapita wapi? Kati ya Mtwapa na Kilwa hapakuchunguzwa hata mji mmoja. Pengo hilo linaimeza Tanga yote: Tongoni, Pangani na visiwa vya ghuba zake, na chini yake Mrima hadi Kaole. Na ni hapa hasa ambapo mtu angetarajia kuukuta, kwa kuwa njia ya bonde la Pangani iliiunganisha bahari na nchi ya wafugaji. Jonathan Walz amekuta shanga za kioo na kombe za baharini katika vijiji vya kale vya bondeni, mbali na ufukwe, kwa hiyo watu na bidhaa walipanda na kushuka njia hiyo karne nyingi kabla ya misafara ya pembe. Pemba, iliyo takriban kilomita 50 kutoka pwani hiyo, inatoa dokezo. Mtu aliyeishi huko miaka kama 1,400 iliyopita alikuwa na vinasaba vya wawindaji wa kale, na mwenzake wa Pango la Kuumbi, Unguja, wa miaka 1,300 iliyopita, alikuwa vivyo hivyo. Mwingine wa Pemba, wa miaka 600 iliyopita, alikuwa na urithi wa wasemaji wa lugha za Kibantu. Wawindaji hao walikuwa bado visiwani wakati vyungu vya wakulima vilikwisha enea bara kwa karne kadhaa. Kama mafuvu yao yangepimwa bila tarehe na kuchanganywa katika sanduku moja lenye jina "Pemba", wastani wake usingekuwa wa mtu yeyote aliyewahi kuishi.

Mafuvu ya Berlin hayawezi kuliziba pengo la Tanga. Yaliyobaki ya kufanywa juu yake ni ya aina nyingine, na mwaka 2023 ulitoa mfano. Mafuvu manane ambayo kumbukumbu zake zilikuwa na maelezo ya kutosha yalilinganishwa kwa vinasaba na watu walio hai, na matatu yakapata jamaa miongoni mwa Wachaga. Moja lilikuwa na neno "Akida" limeandikwa juu yake, na neno hilo ndilo lililowaongoza watafiti hadi mlangoni kwa familia. Umbo halikuwa na kazi yoyote katika utambuzi huo. Cheo kilichoandikwa kwa wino, kumbukumbu ya ukoo na mate ya wajukuu vilitosha.

Kwa Wataita na Wapare jambo hili si geni hata kidogo. Desturi yao ya zamani ilikuwa kulifukua fuvu la mzee baada ya muda na kuliweka pangoni au katika msitu wa mizimu pamoja na ya wenzake wa ukoo, ambako liliombwa na kuambiwa habari za nyumbani. Fuvu lililokutwa mahali pale lilikuwa limekwisha kutambuliwa, kwa jina na kwa ukoo, na watu wenye haki ya kulitambua. Msafiri aliyelitia mkobani na kuliandika "Mpare, mwanamume" alifuta taarifa nyingi kuliko alizoandika.

Pwani hali ni tofauti, maana makaburi ni ya Waislamu na sheria ya dini inakataza kuyasumbua. Tongoni ina makaburi zaidi ya 40, mengine yenye nguzo, kandokando ya msikiti ambao ulikuwa mzima wakati jahazi la Vasco da Gama, São Rafael, lilipokwama mwambani karibu na Mtang'ata mwaka 1498. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inaulinda mji huo kama mali ya taifa. Hata hivyo kibali cha serikali na radhi ya wenye makaburi ni vitu viwili. Utafiti wa 2023 ulifanywa kwa kuwashirikisha watu wa pwani, na baadhi ya mifupa ikarudishwa ardhini. Kwa upande wa Tanga, swali la mstari kati ya kaskazini na kusini linaweza kuanza kuchunguzwa bila kugusa kaburi hata moja: kwa vinasaba vya wakazi wa sasa wanaotoa kwa hiari, kwa vyungu vya bonde la Pangani, na kwa masimulizi ya koo za Tongoni, Pangani na Mkinga yaliyorekodiwa pamoja na majina ya kina mama, ambayo orodha za nasaba zimezoea kuyaacha.